Jinsi ya kutengeneza fonti kutoka kwenye vibao na karatasi za zamani za Dar

Ukipita mitaa ya nyuma ya Kariakoo, ile ambayo fleksi (zile turubai za plastiki za kuchapa mabango) bado haijaimaliza, utaona ukutani maandishi ya mkono ya rangi ya mafuta, MAFUTA YA TAA, FUNDI SAA, PANCHA, mengine yameshapauka mpaka unayasoma kwa kukisia. Mimi nilikuwa nayapita tu kama kila mtu, mpaka mteja mmoja akaja anataka bango la mgahawa wake liwe na maandishi "ya kizamani ya hapahapa mjini", nikafungua kompyuta nikapekua fonti zangu mia tatu na ushee, zote kizamani cha Marekani, kina kauboi na chupa za whisky. Nikamdanganyia na mojawapo, akalipa, lakini roho haikukaa sawa. Ndo nikaanza kutengeneza ya kwangu. Hela haihitajiki sana, inahitaji macho na uvumilivu, na ntaeleza nilivyofanya pamoja na pale nilipoharibu.

Vifaa tuvimalize haraka. Simu yenye kamera inayoeleweka, laptopu yoyote hata ya ramu giga 4, na programu tatu za bure: GIMP ya kusafishia picha, Inkscape ya kuchorea, FontForge ya kugeuza michoro iwe fonti. FontForge ukiifungua mara ya kwanza utadhani kompyuta imerudi nyuma miaka ishirini, we vumilia, kazi inafanya. Wenye Mac na hela wanatumia Glyphs, ni nzuri zaidi sibishi, ila mimi sina Mac. Ongeza penseli, rula, na zile karatasi laini zinazoonyesha chini za steshenari.

Kuna jambo inabidi ulielewe kabla hujagusa chochote mana watu wengi wanakwama hapo. Mchora vibao anaandika neno, wewe unatengeneza herufi. Yule akiandika MAFUTA, ile A ya kwanza aliichora huku anaiona M iko kushoto kwake, akaibana kidogo, na A ya mwisho akaiachia mguu kwa sababu kibao kilikuwa na nafasi. We A yako itabidi ikae vizuri kwenye MAFUTA, kwenye BAJAJI, kwenye TAARABU, na kwenye maneno ambayo hujawahi kuyafikiria. Kwa hiyo kukopi kibao kilivyo haitoshi, unachofanya ni kusoma tabia ya mkono ulioandika kile kibao halafu unaandika mengine kwa tabia ileile. Wazungu wenyewe ndo walivyofanya: ile fonti ya Gotham ambayo umeiona kila mahali bila kujua jina lake, Tobias Frere-Jones aliitoa mwaka 2000 akianzia kwenye maandishi ya majengo ya New York, hasa ya stendi ya mabasi ya Port Authority. Maandishi ya stendi tu, kama sisi tungeanzia stendi ya zamani ya Ubungo.

Sasa mali iko wapi. Kuta na vibao vya bati nimeshasema. Angalia pia juu, mjini kati, Kisutu, mtaa wa Jamhuri na mitaa ile ya Indira Gandhi, majengo mengi ya zamani yana jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujengwa vimechongwa kwa plasta pale juu kabisa, watu wanapita chini miaka yote hawainui kichwa. Kuna karatasi: vitabu vya risiti vya duka la babu, bahasha zenye S.L.P. kwa herufi za kupinda, kalenda za ukutani, maboksi ya viberiti, tiketi za treni zile ndogo za kadi ngumu (mtindo ule alianzisha Mwingereza Thomas Edmondson miaka ya 1830 huko, ukasambaa dunia nzima mpaka reli zetu). Magazeti ya zamani kama Mambo Leo, lililoanza 1923, vichwa vyake tu ni darasa. Haya utayakuta kwenye sanduku la bibi, kwa wauza vitabu vya mtumba, na ukibahatika Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Halafu kuna kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndo letu sisi watu wa herufi. Zamani majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndo zikaja hizi za kirumi. Chukua kanga tano za mama uzitandike kitandani uziangalie kama dizaina na sio kama mtoto wa nyumba: jina fupi kama WEMA HAUOZI herufi zimekaa kwa raha, pana, jina refu la maneno nane herufi zimebanwa zimekuwa nyembamba kama kuni, lakini ukichunguza mkono ni uleule. Hapo unapata fonti mbili kutoka kwa mtu mmoja, pana na nyembamba. Mimi kanga ndo nazipenda kuliko vyote ila sikuanzia hapo, kwa sababu maandishi ya kanga yana kingo ambazo rangi imevuja kidogo kwenye nyuzi na kwa anayeanza unashindwa kujua herufi inaishia wapi.

Chagua chanzo kimoja. Narudia, kimoja. Ukichukua A ya kwenye ukuta, K ya kwenye risiti na M ya kwenye kanga unapata kitu kama barua ya watekaji kwenye muvi. Changu kilikuwa kibao cha bati cha fundi cherehani, Ilala, kimeandikwa FUNDI CHEREHANI HAPA TUNASHONA NGUO ZA KIKE NA KIUME. Hesabu: pale kuna herufi 18 tofauti. Zinabaki nane, B, J, L, Q, V, W, X na Y. Kibao kinachokupa 18 kati ya 26 ni kibao cha bahati, chukua.

Kupiga picha. Muombe mwenye duka kwanza, nunua hata soda, usipige kimyakimya kama mpelelezi, na maeneo ya jeshi na ya serikali achana nayo kabisa hata kama ukuta wake una herufi nzuri kuliko zote, ni msala. Simama katikati ya kibao, urefu wa macho yako ulingane na maandishi, usipige kwa chini kwenda juu mana herufi zitakuwa na miguu minene vichwa vidogo. Usisogee karibu sana, lenzi ya simu inapinda pembeni, rudi nyuma hatua kadhaa halafu vuta kidogo. Asubuhi au kukiwa na mawingu ndo muda wake, jua la saa saba linang'aa kwenye rangi ya mafuta huoni kitu. Weka rula au hata sarafu ya mia pembeni ujue ukubwa. Karatasi ndogo usizipige, skani, dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), na kama ni tiketi au lebo ya kiberiti nenda 1200. Kwenye steshenari watakuskania 200 kwa mazoea kwa hiyo waambie kabla, na simama hapohapo.

Kabla sijachora nilienda kumuona mzee mmoja, hukohuko Ilala, ameandika vibao maisha yake yote na saivi anapata kazi mbili tatu kwa mwezi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza nataka kuandikiwa nini.

"Hapana mzee wangu, nataka kujifunza unavyoandika O, yangu kila nikiichora inaonekana ndogo."

Akacheka. "O ndo inakusumbua? Subiri ufike S."

Nilikaa pale toka saa nne mpaka adhuhuri na niliyoyapata sikuyapata kwenye video yoyote. Anapiga mistari miwili kwa uzi wenye chaki, juu na chini, H na E na T zinaishia palepale kwenye mstari, lakini O na S na C anazipitisha kidogo juu na kidogo chini. Ukipima kwa rula ni kubwa kuliko wenzake, ukiangalia kwa macho ziko sawa. Mstari wa kulala wa H au E anaufanya mwembamba kidogo kuliko nguzo, yani mstari uliosimama, kwa sababu ukiufanya sawa unaonekana mnene. Kivuli anakiweka kushoto chini, nikauliza kwa nini sio kulia, akasema kushoto herufi nyingi zina nguzo iliyonyooka, B, D, E, F, H, K, L, M, N, P, R, unavuta brashi mara moja tu umemaliza, kulia kuna matumbo na miguu, kazi mara mbili kwa hela ileile. Yani urembo wote ule ninaousifia mimi, yeye ni hesabu ya muda.

Sasa kwenye kompyuta. Safisha picha GIMP, igeuze nyeusi na nyeupe, inyooshe, ingiza Inkscape. Na hapa ndo nilipofanya kosa la kwanza, kosa la kila mtu. Inkscape ina Trace Bitmap kwenye menyu ya Path, unabonyeza inakufuatishia herufi yenyewe, sekunde tatu. Nikafuatisha zote 18, nikasema mbona rahisi. R yangu ilikuwa na nodi mia nne, yani vile vinukta vinavyoshikilia mstari wa mchoro. Kila doa la kutu, kila rangi iliyobanduka, imo. Nikapeleka kwenye mashine ya kukata stika, plota ikawa inatetemeka kwenye kila kakona, stika ikachanika, jamaa wa plota akaniangalia tu. Na hata kwenye skrini ukiikuza inaonekana kama herufi imeng'atwa na panya.

Kwa hiyo usifuatishe kwa mashine, chora mwenyewe. Weka picha chini, ipunguze rangi iwe hafifu, ifunge isisogee, halafu kwa kalamu ya Bezier (ile ya Inkscape ya kuchorea mistari na mipindo) pita juu yake ukitumia nodi chache iwezekanavyo. Sheria ni kwamba kwenye kila mpindo nodi inakaa kwenye ncha za mbali, juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa, kulia kabisa, na vishikio vyake, vile vijiti vinavyotoka kwenye nodi kuongoza mpindo, vinalala au vinasimama wima, visikae mshazari. O nzima ni nodi nne nje na nne ndani, basi. S ndo vita, mzee alisema kweli, mimi yangu nimeirudia labda mara kumi na tano, na dawa yake ni kuigeuza juu chini: ikionekana tumbo moja ni kubwa kupita kiasi, ni kubwa kweli. Tumbo la chini huwa kubwa kidogo, lakini kidogo.

Kuhusu uchakavu, kutu, michubuko, wino uliokatika, watu wanapenda kuuweka ndani ya fonti ili ionekane ya zamani. Mimi sipendi. Ukiandika neno lenye A tatu, zote zina mchubuko uleule mahali palepale, uongo unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Weka fonti safi, uchakavu utaongeza baadaye kwenye dizaini husika. Ila usisafishe mpaka ukaua mkono! Kama nguzo ya K inapanuka kidogo chini kwa sababu ndo brashi ilivyokandamizwa, iache. Kama ncha za T zimekatwa mshazari, iache. Kwa maandishi ya chapa ni hivyohivyo, ule wino uliobanwa na chuma ukavimba kwenye kona, ukizifanya kona zote kali kama wembe umeshaipoteza, mviringo kidogo kwenye kona unarudisha ladha yote.

Vipimo: tengeneza ukurasa wa pikseli 1000 kwa 1000, na kila herufi ikae kwenye faili lake lenye ukubwa huohuo, la sivyo ukiingiza FontForge kila moja itavutwa kwa urefu wake na utashangaa kwa nini koma imekuwa ndefu kama I. Mstari wa chini uweke pikseli 200 kutoka chini, herufi kubwa ziwe na urefu wa 700. O na wenzake wapitishe kama 12 juu na 12 chini, hapo umefanya alichofanya mzee kwa macho.

Herufi nane zilizokosekana unazizaa kutoka kwa zilizopo. L ni E uliyoitoa mikono miwili ya juu. B inatoka kwenye P na tumbo la R, J kwenye kona ya U, Q ni O yenye mkia. V inatoka kwenye A lakini sikiliza vizuri hapa: izungushe A nusu duara, usiipindue kama kioo. Kwa maandishi ya brashi bapa mguu wa kushoto wa A ni mwembamba na wa kulia mnene, V ni kinyume chake, kushoto nene kulia nyembamba. Ukizungusha inakuja sawa yenyewe, ukipindua kama kioo unene unakaa upande wa uongo na mtu hatajua kosa ni nini lakini ataona kuna kitu kinamsumbua. W ni V mbili ulizozibana, Y ni V fupi juu ya nguzo. X chora tu.

Kibao changu hakikuwa na herufi ndogo, vingi havina. Usijilazimishe kuzibuni, nafasi za herufi ndogo zitumie kuweka toleo la pili la herufi kubwa, yani ukibonyeza A inatoka A ya kawaida, ukibonyeza a inatoka A nyingine iliyoandikwa na mkono uleule ila tofauti kidogo. Fundi wa mkono hawezi kuandika A mbili zikafanana kabisa, na jicho linalijua hilo hata kama mwenye jicho halijui.

Na hapa ndo sehemu ambayo hutaikuta kwenye maelekezo ya Kizungu, kwa sababu wao wanafikiria lugha yao. Wanakwambia andaa matoleo ya ziada ya L, S, T, mana kwao ndo zinajirudia pamoja. Kwetu zinazojirudia ni vokali: SAA, TAA, MAANDAZI, MZEE, CHOO, JUU, MGUU, BASI LA DAR ES SALAAM. Ongeza na M na N kwa ajili ya MMOJA na NNE. Saba tu. Ukizitengenezea hizo saba matoleo mazuri mawilimawili, fonti yako kwa Kiswahili itaonekana ya mkono kuliko fonti ya dola hamsini yenye herufi mia za ziada ambazo hutakaa uziguse. Na maneno yetu karibu yote yanaishia na vokali, kwa hiyo kama unataka herufi za mwisho zenye mkia wa madoido unahitaji tano tu, A, E, I, O, U. Mkia mmoja kwa bango unatosha lakini, ukiweka kila neno linakuwa kadi ya harusi.

Kubadilishana kwenyewe kwa matoleo mawili ya herufi kunafanywa na vimaelekezo vidogo ndani ya fonti. Unaandika kwenye faili la maandishi ya kawaida, unalihifadhi kwa kiishio .fea, halafu FontForge kwenye File unachagua Merge Feature Info:

feature calt {
  sub A A' by a;
  sub a a' by A;
} calt;

Maana yake A ikifuatiwa na A, ile ya pili iwe toleo la pili, na kinyume chake. Rudia kwa E, I, O, U, M, N. Uzuri wake ni kwamba hata mtu akiandika JAMANIIIII zinapishana zenyewe, moja hii moja ile, mpaka mwisho.

Muda wako mwingi upe A. Kwenye Kiswahili A iko kila mahali, angalia sentensi yoyote hapa, kwa hiyo A mbaya ni fonti mbaya. Q na X weka kwa ajili ya TAXI na majina ya watu, usizililie.

Nafasi kati ya herufi ni nusu ya kazi nzima na ndo sehemu ambayo watu wanaruka. Anza na H mbili, HH, weka nafasi mpaka iridhishe, halafu OO, zinahitaji kukaribiana zaidi, halafu HOHO. Ukipata hizo mbili, wenye nguzo wanaifuata H, wenye mviringo wanaifuata O, na A, V, W, Y, T wanapewa pembeni karibu na sifuri. Halafu jaribu kwa vibao vya daladala, hii ni njia yangu na sijaona bora zaidi: MBAGALA RANGI TATU, GONGO LA MBOTO, KIMARA MWISHO, TABATA, MBURAHATI, VINGUNGUTI, TEGETA, JANGWANI. Neno la mtihani wa mwisho ni KIPAWA, lina PA, lina AW, lina WA, vyote vinatoboka. Ndo mana fonti nyingi za bure za mtandaoni ukiandika YA au WA inabaki tundu katikati, aliyetengeneza hakuwahi kuwaza kwamba kuna watu wanaandika WA mara mia kwa siku. Jozi hizo unazirekebisha moja moja FontForge: WA, AW, YA, AY, TA, AT, PA, FA, VA, KW, VY. Chapisha kwenye karatasi, bandika ukutani, kaa mbali, finya macho. Palipo na tundu patajionyesha, na palipobanwa patakuwa na doa jeusi.

Sasa aibu yangu. Kazi ya kwanza niliyoitumia fonti hii ilikuwa kibao cha nyama choma cha binamu yangu, Chang'ombe. Nikaandika, kwenye skrini ya FontForge safi kabisa, nikatuma faili kwa wachapaji, jioni naenda kuchukua nakuta CHANG, kiboksi, OMBE. Mita mbili za fleksi. Kumbe mkato wa juu uko wa aina mbili, ule ulionyooka ambao namba yake ni U+0027, na ule uliopinda, U+2019, na programu nyingi ukibonyeza ule ulionyooka zinakubadilishia kuwa uliopinda bila kukuuliza. Mimi niliweka ulionyooka tu. Weka yote miwili, na isogeze karibu na G, kwetu hiyo sio alama ya nukuu, ni sehemu ya herufi, ng'ombe bila mkato ni ngombe. Binamu kibao amekitundika hivyohivyo, anasema boksi linavuta wateja.

Tarakimu usizichukulie poa. Bango bila namba ya simu ni mapambo, na namba moja ya simu ina tarakimu kumi, kwa hiyo zitaonekana kuliko herufi zako zote. Upana wake ulingane ili bei zikipangwa juu na chini zikae sawa, 1 itaonekana iko peke yake, ipe kimguu chini. Halafu tengeneza /= kama kitu kimoja. Vibao vya zamani ile 500/= inaandikwa kwa mvuto mmoja, mshazari na vile vimistari viwili vimeshikana, ni alama tuliyoizoea kwetu na mimi sijaona fonti ya dukani yenye nayo. Ongeza @, &, nukta, koma, mabano, na kimstari cha kati. Kama chanzo chako ni risiti weka pia S.L.P., Na. na Bw. kama vipande vizima, utashukuru.

Ukimaliza, kwenye menyu ya Element kuna Add Extrema, Remove Overlap na Correct Direction, zipitishe zote, halafu File, Generate Fonts, chagua OTF, ni aina ya faili la fonti. Isakinishe, ifungue kwenye CorelDRAW mana ndo wachapaji wengi wa mjini wanachotumia, andika, chapisha. Kwenye Word yale mabadilishano ya A mbili huwa yamezimwa, unayawasha kwenye mipangilio ya juu ya fonti. Na ukituma kazi kwa mchapaji usitegemee ana fonti yako, geuza maandishi yawe michoro kwanza, CorelDRAW ni Ctrl+Q. Ningelijua hilo siku ya Chang'ombe nisingesimulia hapa.

Bado haki. Kazi ya sanaa hapa Tanzania inalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo kama mwandishi wa kibao yupo hai mtafute, muombe, mkubaliane. Sio sheria tu. Huko India marehemu Hanif Kureshi alifanya mradi wa kugeuza maandishi ya wachora vibao wa mitaani kuwa fonti, na kila fonti ikabeba jina la mchoraji wake. Wa kwangu sikumpata, mwenye duka alisema alihama zamani na hakumbuki hata jina, kwa hiyo fonti niliiita Cherehani, nikaandika ndani ya maelezo yake kwamba imetoka kwenye kibao cha Ilala cha mkono usiojulikana, akijitokeza yeye au watoto wake tutaongea. Naitoa bure kwa leseni ya OFL (Open Font License, leseni ya fonti za wazi), mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha ila haruhusiwi kuiuza yenyewe peke yake.

Mzee nilimpelekea kwenye simu nikamwandikia jina lake. Akaikuza kwa vidole viwili, akaangalia muda mrefu, akasema S bado imeinama mbele. Nimeshairekebisha. Saivi niko toleo la 1.3, Q bado inanizingua.